Yadi mbili za kitenge kwa joto la Kigoma

Mwezi wa tisa Kigoma, saa kumi jioni, hata kivuli cha mwembe kina joto. Mvua ya mwisho watu wameshaisahau, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na jua halina haraka. Tuko magharibi kiasi kwamba linazama karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Saa kumi na mbili na nusu wenzetu wa pwani wameshawasha taa. Sisi bado tunakinga macho kwa kiganja.

Msimu huu nguo naichagua kwa swali moja: itafanya nini nikitoka jasho? Urembo wa kutengeneza nyumbani nao naupima hivyo hivyo. Mwingi unaofundishwa kwenye video unapendeza sana mezani, lakini ukiuvaa kutoka Mwanga hadi Kibirizi saa saba mchana unarudi umebanduka, umechuja au umeota kutu.

Hapa nakuelekeza namna ninavyokata kipande kimoja cha kitenge, yadi mbili tu, kikatoa blauzi ya kiangazi, mfuko, bendi ya kichwa, kandambili zenye sura mpya, bangili na hereni. Cherehani si lazima. Unahitaji mkasi unaokata kweli, sindano, uzi, futi kamba, chaki au kipande cha sabuni, pini, na jioni mbili.

Kununua bila kudanganywa

Kitenge cha pisi nzima huwa yadi sita. Ukiona muuzaji anasita kukata, tafuta wenzako wawili mgawane, kila mmoja yadi zake mbili. Vitenge tunavyo vya kila namna, vikiwemo vinavyovuka ziwa kutoka Kongo na vinavyoingia kwa njia ya Burundi, na maneno ya sokoni ni matamu kuliko kitambaa chenyewe. Kwa hiyo fanya majaribio yako.

Kwanza geuza kitambaa. Kitenge kizuri cha waksi kina rangi iliyokolea pande zote mbili, kwa sababu rangi imepenya. Upande wa ndani ukiwa umefifia kama picha iliyooshwa, hicho kimechapwa upande mmoja tu.

Pili, omba nyuzi mbili tatu za ukingoni uziunguze kwa kiberiti, mbali na bidhaa za watu. Pamba inaungua ikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini yanayosagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, kisha inabaki kijipira kigumu cheusi. Poliesta inakaa bila mikunjo na rangi yake haichoki haraka, sikatai. Ila haifyonzi jasho. Utakaa nalo mgongoni kutwa.

Tatu, lowesha ncha ya leso nyeupe kwa mate, usugue pembeni mwa kitenge. Rangi ikihamia kwenye leso, ujue kitachuja.

Kuchuja peke yake si sababu ya kukiacha, mradi ukifue kabla ya kukata. Kifue peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo, rudia mpaka maji yatoke meupe. Nyumbani kwetu tulifundishwa kutia chumvi au siki ili kufunga rangi. Mimi nilitia chumvi kwenye kitenge chekundu, nikakiamini, nikakifua pamoja na fulana nyeupe ya kaka yangu. Aliivaa ya waridi mwaka mzima. Chumvi inasaidia wakati kitambaa kinapotiwa rangi. Kikishatoka kiwandani na rangi yake, kinachosaidia ni kuondoa ile iliyozidi, na hiyo inaondolewa na maji.

Kufua kuna faida nyingine mbili. Wanga unaokifanya kitenge kipya kiwe kigumu kama karatasi unatoka, na kitambaa kinajivuta kidogo sasa hivi badala ya kujivuta kikiwa tayari blauzi. Kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukipime. Yadi mbili ni kama sentimita 183, na upana huwa kama 115. Baada ya kufua hesabu 180 kwa 113. Kama chako kimetoka tofauti, rekebisha hesabu zinazofuata.

Blauzi ya mshono wa sentimita 30

Hii ni blauzi ya mstatili, pana, inayopitisha hewa kwapani na pembeni. Pima nyonga zako sehemu iliyo pana zaidi, gawa kwa mbili, ongeza 14. Mwenye nyonga za sm 104 anapata 66. Hicho ndicho kipimo cha upana. Urefu wa kitambaa ni sm 134, ukikunjwa katikati unakuwa 67 kwa mbele na 67 kwa nyuma.

Kabla mkasi haujagusa kitu, angalia picha za kitenge zinatazama wapi. Maua ya duara na michirizi hayana shida. Lakini picha zenye kichwa na miguu, kama ndege, kuku au vinara, ukikunja begani za mgongoni zitageuka juu chini. Nilishona moja ya kuku, nikaivaa nikiringa, hadi mtoto mmoja nyuma yangu akamwuliza mama yake mbona kuku wa huyu dada wamekufa. Kitenge cha namna hiyo kikate vipande viwili vya sm 69, vyote vikitazama juu, uviunganishe mabegani.

Sasa kata:

1. Tandaza kitambaa sakafuni. Kata mstatili wa 134 kwa 66 kutoka kona moja, ili masalia yabaki vipande viwili vikubwa: kimoja cha 134 kwa 47, kingine cha 46 kwa 113. Vitunze. Nusu ya kazi iliyobaki iko humo.

2. Kunja mstatili katikati kwa urefu, kisha katikati kwa upana. Kona yenye mikunjo yote miwili ndiyo katikati ya shingo. Kutoka hapo pima sm 12 kuelekea begani, utie alama. Fungua mkunjo wa pili. Kwa mbele chora mkunjo unaoshuka sm 9, kwa nyuma sm 1 tu. Kata. Shingo itaonekana ndogo, usiogope: pindo litakula sentimita moja kila upande na tundu litapanuka hadi mzunguko wa kama sm 62, wakati vichwa vya wengi wetu ni kati ya 56 na 58. Kupanua shingo ni rahisi. Kuirudisha hakuna fundi anayeweza.

3. Kunja ukingo wa shingo kwa ndani milimita 5, kisha tena milimita 5. Penye mviringo chanja vijichanjo vidogo vya milimita 3 ili kitambaa kitii. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, jaribu kichwani, ndipo ushone.

4. Geuza nje iwe ndani. Kila upande, kutoka begani acha sm 25 za mkono. Kutoka chini acha sm 12 za mpasuo. Katikati zinabaki sm 30 za kushona. Ndizo peke yake. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nusu hatua, inatoka mbele tena. Ni wa polepole, lakini haufumuki kama ule wa kuruka ruka.

5. Malizia mapindo ya mikono, mipasuo na chini.

Mwisho wa mshono chini ya kwapa rudia mara tatu papo hapo. Hapo ndipo nguo inapovutwa kila unapoinua mkono kushika bomba la daladala.

Ukiivaa na suruali ya kitambaa chepesi au sketi ya rangi moja inatosha. Kitenge juu, kitenge chini na kilemba cha kitenge ni sare ya harusi.

Mfuko

Chukua kile kipande cha 134 kwa 47, ukate humo 84 kwa 42. Kinabaki kipande cha kama 50 kwa 47; kiweke kando.

Kile cha 84 kwa 42 kikunje katikati upate mfuko wa kimo cha sm 42. Shona pembeni mbili, pindo la juu likunje sm 2 mara mbili. Mikanda inatoka kwenye kipande cha 46 kwa 113: kata ukanda wa upana wa sm 9, uugawe nusu, kila nusu ikunje mara nne kwa urefu kama unavyokunja mkanda wa aproni, shona ukingoni. Ushikize kwenye mfuko kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Kitenge chepesi kikibeba kilo mbili za mchele kinalalamika, kwa hiyo ndani tia bitana ya mfuko wa unga wa kitambaa kama unao. Dagaa usibebee humo hata wakiwa wakavu kiasi gani; harufu haitoki.

Bendi ya kichwa yenye waya

Kutoka kipande kile kile cha 46 kwa 113 kata 12 kwa 90. Ikunje kwa urefu, nje iwe ndani, shona ukiacha mdomo wa sm 6, na ncha mbili zikate kimshazari ili zichongoke. Igeuze.

Wengi wanakosea kwenye waya. Ule wa kufungia nondo ni wa bei ndogo na unakunjika vizuri, lakini unashika kutu kwa jasho la wiki moja, na doa la kutu kwenye kitenge halitoki kwa sabuni. Tumia waya wa umeme wa milimita 2.5 za mraba, ule mgumu wa nyuzi moja, pamoja na ganda lake la plastiki. Mafundi umeme hutupa vipande. Kata sm 86, kila ncha ikunje iwe kitanzi kidogo ili isikuchome kichwa, pitisha ndani, ziba mdomo. Unaizungushia kichwani na kuisokota mbele mara mbili, haihitaji fundo. Siku ya kufua, fumua mdomo utoe waya.

Kwa anayevaa ushungi, bendi hii hukaa chini yake na kuuzuia usiteleze, mradi uitengeneze ya sm 8 na bila waya. Dada zangu wa Ujiji ambao kiangazi chao ni dera na ushungi wa pamba nyepesi wamenifundisha pia kwamba hereni nzuri ni hasara chini ya kitambaa, kwa hiyo ile duara nitakayoeleza mbele wao huitia pini nyuma ikawa bruchi ya kubania ushungi begani.

Kandambili

Kata mikanda minne ya upana wa sm 3, urefu wote wa 113. Kila mkono mmoja wa kandambili unatumia mkanda mmoja.

Anzia pembeni, pale mpira unapoingia kwenye soli. Shona mwanzo wa mkanda ujishike wenyewe, kisha zungusha ukivuta, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, hadi karibu na vidole. Kile kijiti kinachopita kati ya vidole kiache wazi, kitambaa hapo kitakuchubua kabla hujafika Lubengera. Malizia kwa kushona upande wa chini wa mpira. Gundi usitie hata tone.

Zikilowa zinachelewa kukauka, na vumbi jekundu likishikamana na pamba mbichi unapata rangi ambayo hukuinunua. Ukienda kuogelea Bangwe vaa zile za kawaida.

Hereni za dumu la mawese

Hapa ndipo ninapopapenda, na ndipo nilipoharibu vitu vingi zaidi. Hereni za kitenge za sokoni nyingi zina kadibodi ndani na gundi ya moto nje. Kadibodi inafyonza jasho la shingo na kulegea. Gundi ya moto ni plastiki iliyoyeyushwa, na plastiki iliyoyeyuka mara moja haioni taabu kuyeyuka tena: niliacha jozi mbili juu ya kiti cheusi cha pikipiki juani, nikakuta zimekuwa jozi moja.

Badala yake tumia uzi, na ndani tia plastiki ya dumu. Mji unaokula mawese haukosi madumu ya lita tano yaliyochoka. Yale ya lita 20 ni manene, mkasi utalia. Kata ubavu wa dumu, loweka kwa maji moto na sabuni ya unga mpaka ule utelezi uishe. Rangi ya chungwa itabaki, haina neno, inafunikwa.

1. Kwa kizibo cha chupa ya chai chora duara za sm 4 kwenye plastiki, nne kwa jozi moja. Kata, kisha sugua kingo kwa msasa.

2. Kwenye kitenge kata duara za sm 7, nne. Zitafute kwa jicho: kitenge kimoja kina ua, jicho, kona ya mraba, na duara ndogo inaweza kukichukua kile kilichofichwa na nguo nzima. Mimi hukata tundu la sm 4 kwenye karatasi na kulitembeza juu ya kitambaa kama dirisha hadi nipate panaponifaa.

3. Shona bandi kuzunguka ukingo wa duara ya kitambaa, weka plastiki katikati, vuta uzi kama unavyofunga mdomo wa kifuko. Funga fundo.

4. Bandika duara mbili mgongo kwa mgongo, uzishone ukingoni kwa mishono midogo. Sasa hereni ina sura pande zote mbili.

5. Shika sindano nene kwa koleo, ipashe moto kwenye mshumaa, toboa karibu na ukingo wa juu. Fanya hivyo nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Tia pete ndogo na kulabu.

Kulabu ndizo za kuangalia. Masikio yanayowasha na kutoa majimaji mara nyingi yanakataa nikeli, ambayo huchanganywa kwenye kulabu za bei rahisi, na jasho huichochea itoke. Chagua za chuma kisichoshika kutu. Ukikosa, paka kulabu rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke usiku mzima, na urudie ikianza kubanduka.

Kuhusu mikufu ya shanga, ushauri wangu ni mfupi: uzi wa pamba unaoza kwa jasho, nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi ukanunue mshipi. Ule mwembamba wa nailoni usioonekana. Fundo la kawaida huteleza juu yake, kwa hiyo fanya kama wavuvi wanavyofunga ndoana: pitisha ncha kwenye pete ya kufungia, izungushe mara tano kwenye mshipi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi kile cha karibu na pete, lowesha kwa mate, kaza polepole. Ukikaza pakiwa pakavu nailoni inapata joto na kudhoofika papo hapo kwenye fundo.

Na katikati ya mkufu, kama unataka kitu cha kwetu, okota kifuu cha chikichi pale wanapobangua mise, yaani kokwa za chikichi. Chagua nusu iliyovunjika vizuri, ichemshe na sabuni itoke mafuta, isugue kwa msasa mzito kisha mwembamba, toboa kwa keekee ya milimita 2 ukiwa umeibana kwenye ubao. Inang'aa nyeusi kama pembe. Tatu za kwanza zitapasuka.

Bangili kwa haraka

Kata pete ya upana wa sm 3 kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Jaribu mkono kwanza, ukiwa umekusanya kidole gumba na kile cha mwisho pamoja; usipopita tumia chupa kubwa zaidi. Weka karatasi juu ya pasi yenye moto wa wastani, gusisha ukingo wa pete kwa sekunde chache: plastiki inajikunja kwa ndani na kuwa ngumu, haikati ngozi tena. Zungushia mkanda wa kitenge wa sm 3 na uushone upande wa ndani.

Kwa wanaume

Kaka zangu mara nyingi wanataka kaptula tu. Jinzi la mtumba lililochakaa magoti livae, tia alama unapotaka liishie, livue, kisha kata sm 4 chini ya alama, upande wa nyuma ukiacha sentimita moja zaidi ya mbele, kwa sababu ukikaa nyuma ndiko kunakopanda. Mfuko wa kifuani wa kitenge kwenye shati jeupe la mikono mifupi unahitaji kipande cha 14 kwa 16. Kofia sitakudanganya, nimejaribu mbili, zote zimefanana na sufuria. Ya ukili nanunua.

Kile kipande cha 50 kwa 47 ulichoweka kando, kisikushawishi. Usikifanye leso, usimpe mtoto. Kifue pamoja na blauzi kila unapoifua, ili kichakae nayo kwa rangi moja, kisha kikunje ukiweke chini ya sanduku. Kwapa la kulia litachanika mwakani.